Kiota cha Kofia Ngumu

Mimi simwamini mtu. Nimezaliwa hivyo, na wanaonijua wameshazoea. Nikinunua mahindi naingiza mkono mpaka chini ya gunia nione kama hawajanichanganyia na ya mwaka juzi. Mtu akinisifu namuuliza anataka nini. Kwa hiyo nilipokuwa nafungasha vyombo Mbeya kumfuata mume wangu Sumbawanga, na majirani wakaja kuniasa kwamba huko niendako nisile kwa mtu wala nisiache nguo kwenye kamba jua likizama, hawakunifundisha kitu. Kikombe changu cha bati kilikuwa kimeshaingia kwenye kapu. Nilikinywea peke yangu, kwa wakwe, kanisani, kazini, kila mahali.

Wafipa nao kumbe walikuwa wameshaambiwa ya kwao kuhusu sisi watu wa Mbeya. Hilo nilikuja kulijua baadaye, na nililijua vibaya.

Mume wangu ni Mfipa wa Mwazye, seremala. Tulikutana Mbeya alikokuja kutafuta kazi. Mtu mpole, maneno machache, anakula vizuri. Kilichonitia shaka kwake kilikuwa kimoja tu: alikuwa fundi wa mapaa. Baba yangu mzazi alikufa kwenye ujenzi. Boriti ilimwangukia kichwani, na kichwani alikuwa na kofia ya sufu aliyoshonewa na mama. Nilikuwa msichana mkubwa, na ile kofia niliiona ilivyorudishwa nyumbani. Basi nimeolewa na mtu wa kupanda juu, nimejitafutia mwenyewe. Kila asubuhi akitoka kwetu Kizwite kwenda kazini, sikuangalia uso wake kama wake wengine. Niliangalia utosi.

Miaka ile ya Ujamaa mahindi ya Ufipa yalikuwa yanarundikana vijijini bila pa kukaa, mvua inayakuta nje, panya wanashiba kuliko watu. Ikaamuliwa lijengwe ghala kubwa pale Mazwi. Mume wangu akachukuliwa kwenye paa. Mimi, kwa kuwa nilikuwa nimesoma mpaka darasa la nane na mwandiko wangu ulisomeka, nikapewa stoo. Misumari yangu, saruji yangu, sururu zangu, ufunguo wangu shingoni. Wanaume walinicheka mwanzoni, wakaniita shemeji kwa sababu ya mume wangu, wakanitania kwamba nimekuja kumlinda. Nikawaambia ndiyo, nimekuja kumlinda, na nyinyi pia mkinikera sitawapa makoleo.

Siku moja lori likaleta kreti la kofia ngumu. Pale kwetu hapakuwa na mtu aliyewahi kuvaa kitu hicho. Za njano ni za vibarua na mafundi, nyeupe moja ya msimamizi wetu. Zamani mtu kama yeye angeitwa nyapara, lakini siku hizo tulishaambiwa hakuna nyapara, sote ni ndugu, kwa hiyo tulimwita Ndugu Msimamizi, na alikuwa anafoka vilevile. Alituita wote, akachukua kofia moja, akaipindua tukaona ndani.

Ndani ya gamba kulikuwa na mikanda iliyopishana, imeshikiliwa pembeni kwa vipini vidogo, na duara moja la kuzunguka kichwa ambalo unaweza kulikaza au kulilegeza kwa nyuma. Ilikuwa kama kiota cha ndege kimegeuzwa, na tangu saa ile tukakiita kiota.

"Hiki ndiyo kofia," msimamizi akasema, anagusa kiota. "Hili gamba la nje ni koti tu. Kati ya gamba na kichwa chako lazima pabaki nafasi, vidole viwili vipite. Tofali likianguka, mikanda inalipokea, utosi haujui kitu. Ukivaa gamba tupu, umejifunika sufuria."

Akaivaa, akamkabidhi mume wangu nyundo ya mti, akamwambia ampige. Mume wangu akasita. Watu wakaanza kumchochea, piga bwana, lini tena utapata ruhusa ya kumpiga mkubwa! Akapiga. Paa! Msimamizi hata hakupepesa, akacheka, akaivua, akatuonyesha kichwa chake kizima. Nakumbuka nilivyosikia raha. Nilimfikiria baba yangu, nikamtazama mume wangu ameshika nyundo, nikasema moyoni huyu sasa atazeeka.

Kuchagua ndiko kulikoanza balaa. Ungedhani watu wanachagua mchumba. Kila mmoja aligeuza kofia, akachungulia, akanusa. Mwashi wetu mkubwa, mzee mmoja wa Mwazye aliyejenga kuta za makanisa tangu enzi za wazungu, alipitisha kidole kwenye kila mkanda kama anayetafuta mwiba. Nikamtania, baba, unatafuta chawa? Akaendelea kupapasa. Kisha mchanganya zege, kijana mmoja mdomo mpana, akapiga yowe. Ndani ya kofia aliyoishika kulikuwa na unywele. Mmoja, mrefu, wa huko kiwandani nadhani, wa mtu aliyefunga kreti.

Aliitupa chini kana kwamba imemuunguza. Hakuna aliyeigusa. Kofia iko vumbini, wanaume wazima wameizunguka kwa mbali. Mimi hasira zikanipanda. Mali ya umma ile! Nikaiokota, nikaung'oa ule unywele, nikaupuliza. "Huyo wa kiwandani ataniroga kutoka Ulaya? Nauli atatoa wapi?" Nikaivaa. Nikadhani nimewachekesha. Hakuna aliyecheka, na mchanganya zege akamtazama mwenzake.

Mume wangu nilimchagulia mwenyewe. Nilipekua zote mpaka nikapata isiyo na mchubuko hata mmoja, nikamvalisha, nikakaza duara la nyuma tundu kwa tundu mpaka akiinama haidondoki, nikapitisha vidole vyangu viwili juu ya utosi wake. Wenzake wakapiga miluzi. Yeye akaona aibu, lakini alitabasamu.

Basi tukawa na sheria. Kofia hazitoki kwenda nyumbani, maana zingegeuka vipimio vya ulezi na mabeseni ya kuogeshea watoto. Jioni kila mtu anatundika yake kwenye msumari wake ukutani mwa stoo, mimi nafunga. Asubuhi anachukua kwa mkono wake. Hakuna kuikalia, hakuna kubebea mchanga, hakuna kuipaka rangi, hakuna kuianika juani maana jua hulifanya gamba likauke na kupasuka. Ikipata ufa inatupwa, hata kama ufa ni mwembamba namna gani. Hayo yote nilikuwa nayaimba kila siku mpaka wakanichoka. Na kila Jumamosi mchana, wakishaondoka, mimi navitoa viota vyote, navifua kwa sabuni kidogo, maana jasho la wiki nzima na vumbi la saruji vikikaa pamoja mikanda inakuwa migumu kama ngozi ya mbuzi. Navianika kivulini, navirudisha. Ile ilikuwa kazi yangu na niliifanya kwa moyo.

Maji ya kufulia nilimwagia mchicha. Nyuma ya stoo nilikuwa na tuta langu dogo, na nani anamwaga maji ovyo kiangazi? Mchicha ukastawi, ukawa na majani mapana. Nikachuma, nikapika, nikawapa na wao wachache. Walipokea kwa mikono miwili, wakashukuru sana. Baadaye niliyakuta yale majani kwenye jalala, hayajaguswa.

Hapo ningepaswa kunusa kitu, mimi mwenye pua ya shaka. Lakini kipupwe kilikuwa kimeingia. Asiyejua baridi ya Ufipa mwezi wa sita asinibishie. Upepo unatoka huko milima ya Mbizi unakupita mifupani. Watu wote walikuja kazini na makoti makubwa na kofia za sufu, wakatia kofia ngumu juu ya sufu. Msimamizi hakukataza, na yeye alikuwa anatetemeka. Ndipo nilipoanza kuona viota vinapungua.

Kwanza kimoja. Jumamosi nashusha kofia ya mpiga ripu, nageuza, gamba tupu. Nikadhani kimedondoka. Wiki iliyofuata vitatu vimepotea. Kisha sikuhesabu tena, maana kila nilipogeuza niliona utupu. Mungu wangu! Kufuli zima, dirisha zima, ufunguo shingoni mwangu hata nikioga. Nilijua ni wizi. Siku zile kila kitu kilikuwa adimu, mkanda mzuri kama ule mtu angefungia mzigo kwenye baiskeli au angefanya mshipi wa suruali. Nikaanza kuangalia viuno vya watu mtaani. Niliinama hata kwenye karia za baiskeli za watu wasionijua. Jioni nilinyunyiza unga wa mahindi kwenye sakafu ya stoo nione nyayo. Asubuhi unga uko vilevile, isipokuwa njia ya panya.

Nikageuza ya mume wangu. Tupu.

Nilikaa chini pale pale juu ya mfuko wa saruji. Yule mwizi, awe nani, alikuwa amefika kwenye kichwa changu. Maana kile kichwa nilikihesabu changu. Jioni nilimvamia hata hajavua viatu.

"Kiota chako kiko wapi?"

"Kimepotea," akasema.

"Kimepotea lini? Na wewe unapanda juu na gamba tupu na hukuniambia?"

"Labda kimeibiwa kama vya wenzangu. Mke wangu, achana na mambo hayo. Navaa sufu chini, inatosha."

"Sufu! Unajua baba yangu alikufa amevaa nini?"

Alikuwa anajua. Akaniomba chakula, nikampakulia, akala, akamaliza. Mimi sikula. Nililala naviona viota kwenye mapaa ya watu.

Nikaenda kwa msimamizi. Alinisikiliza huku amekunja uso, kisha akaniambia, "Ndugu, stoo ni yako na ufunguo ni wako. Kikulacho ki nguoni mwako. Angalia watu wako wa karibu." Akaniambia viota vyote visipopatikana kabla wakaguzi hawajaja, nitafute kazi nyingine. Nikatoka pale nimevimba. Watu wangu wa karibu! Nilianza kumshuku yeye mwenyewe, kwamba anaviuza kwa watu wa malori. Kila lori lililosimama Mazwi nililizunguka kama mgambo.

Na wao vibarua wakawa wamebadilika. Nikiingia, mazungumzo yanakatika. Mwenye togwa wetu alikuwa anakuja saa nne na mtungi. Kwa desturi za huku anayempa mwenzake kinywaji huonja kwanza, amtoe wasiwasi, kwa hiyo naye alipiga funda moja mbele ya watu ndipo akagawa. Mimi, kama kawaida, na kikombe changu pembeni. Siku hiyo mchanganya zege akasema kwa sauti, makusudi nisikie, "Anayeogopa sana kulishwa ni yule anayejua kulisha." Wakacheka kidogo, kicheko cha puani. Nikamjibu kwamba mimi naogopa mate yako, si kingine. Mume wangu alikuwa pale. Aliinama akafunga kamba ya kiatu iliyokuwa imeshafungwa.

Kisha ikatokea. Mchana, mwashi mzee yuko chini anapokea udongo, juu jukwaani mtu akajikwaa, tofali likaponyoka. Lilimpata mzee katikati ya utosi. Nilisikia mlio nikiwa stoo, si ule wa "paa" wa siku ya nyundo. Huu ulikuwa mzito, bila mwangwi. Nilikimbia. Gamba halikuvunjika hata kidogo, lilikuwa kichwani pake limekaa sawasawa juu ya sufu, na mzee amelala hatikisiki, damu inamtoka puani. Nilimtazama yeye, lakini najua nilichokiona. Nilimwona mume wangu.

Walimpakia kwenye gari la mradi wakampeleka hospitali. Mke wake alikuwa Mwazye, mbali, na mgonjwa hawezi kulala bila mtu wa kumletea uji na kumfulia. Wanaume walikuwa wanatazamana. Nikasema nitakwenda mimi. Jioni nikapeleka uji. Mzee alikuwa amezinduka, anaongea kwa shida, shingo haigeuki. Uji wangu hakuunywa. Alisema hana hamu. Haya, sikumlazimisha. Muuguzi akanipa nguo zake zenye damu nikafue: shati, suruali, koti kubwa.

Nikaenda nalo kwenye karo la hospitali. Mtu akifua koti lazima apekue mifuko kwanza. Mfuko wa kushoto, rozari. Mfuko wa kulia, kitu kimekunjwa kunjwa. Nikakivuta.

Kiota.

Kwanza nilikasirika, nikasema kumbe mwizi ni huyu mzee, na nimempikia uji! Kisha nikakitazama vizuri. Duara la nyuma lilikuwa limekazwa kwenye tundu la kichwa kidogo. Kichwa cha mzee kilikuwa kidogo. Kilikuwa chake mwenyewe, hakuiba cha mtu. Nikarudi wodini na mikono ina povu, nikasimama kando ya kitanda.

"Baba, hiki ulikiweka mfukoni cha nini?"

Alifumba macho. Nikangoja. Mimi kungoja najua.

"Binti," akasema, "jasho la kichwa cha mtu halilali kwa mgeni. Nilikuwa nakitoa jioni naenda nacho. Asubuhi nilikuwa nakirudisha. Kisha vile vipini vikakatika kwa kutoa na kurudisha, ikabidi nikae nacho tu." Akapumua. "Usinichukie. Na kumbe nilikuwa sahihi, maana vya wenzangu vyote umevichukua."

Nilitoka nikaenda kumalizia koti. Nilikuwa nasugua ile damu huku nafikiri, na kadiri nilivyosugua ndivyo nilivyoelewa. Mimi mgeni. Nafungia vichwa vyao usiku kucha. Mwanamke aliyeivaa kofia yenye unywele. Anayemwagia mchicha maji ya jasho la watu. Asiyekunywa na mtu. Ingekuwa mimi ningefanya nini? Ningefanya vilevile. Ningekitoa mapema kuliko wote.

Asubuhi hakuna aliyegusa koleo. Walikuwa wamesimama mbele ya stoo, makoti yamefungwa mpaka shingoni, na mwenyekiti wa tawi la chama ameitwa. Mchanganya zege ndiye msemaji. Akasema hawatafanya kazi chini ya huyu mama. Viota vya watu vimepotea ndani ya stoo yake, mzee wa watu amelala hospitali kwa sababu hiyo, na wote wanajua vitu vya namna ile vinakwenda wapi. "Wahenga walisema mchawi mpe mwana amlee," akasema. "Sisi tumempa vichwa." Watu wakaguna kukubali. Msimamizi alitazama chini. Mwenyekiti akaniuliza kama nina la kusema.

"Ninalo," nikasema. Nikatoa kiota cha mzee, nikakiinua juu. "Hiki nimekitoa kwenye koti la mwashi, mwenyewe mkimuuliza atawaambia. Hakuibiwa. Sasa naomba kitu kimoja tu. Kila mmoja atoe kilichomo mfukoni mwake."

Wakatazama viatu vyao.

"Wewe msemaji," nikamwambia mchanganya zege, "anza. Au unaogopa jua lisikione?"

Akacheka, akaangalia huku na huku kutafuta wa kumsaidia, akakosa. Mkono ukaingia ndani ya koti ukatoka na kiota. "Mimi changu nilikiokoa!" akasema haraka. "Nilikiokoa kabla hajakichukua!"

"Kama mimi," mpiga ripu akadakia, na akatoa chake. Kisha akamtazama mwenzake kwa mshangao, kama mtu aliyekutana na jirani yake njiani kwa mganga.

Vikaanza kutoka. Huyu mfuko wa ndani, huyu kwenye soksi, mwingine amekifunga tumboni chini ya sweta. Kila mmoja alidhani ni yeye peke yake mjanja. Kila mmoja alipoziona kofia za wenzake tupu ukutani alisema moyoni, si unaona, ningeacha na changu kingekwenda. Shaka ya huyu ilikuwa ushahidi wa yule. Mwenyekiti alianza kucheka, akajizuia, akashindwa. Sauti moja nyuma ikauliza, "Na Ndugu Msimamizi je?" Msimamizi akafoka, upuuzi gani huo! Lakini mtu alikuwa ameshaifikia ile kofia nyeupe, akaigeuza. Tupu. Loo! Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Msimamizi akatoa chake kwenye mfuko wa suruali, akasema alikuwa anakipeleka kutengenezwa.

Na mimi nilicheka. Naapa sijawahi kucheka vile Sumbawanga. Nilikuwa nimeshinda, kazi yangu imebaki, jina langu limeoshwa mbele ya tawi zima. Nilicheka huku nazungusha macho nimtafute mume wangu tucheke wote.

Alikuwa nyuma kabisa, mikono yote miwili ndani ya koti. Hakuwa anacheka.

Niliacha kucheka, na watu wakafuata macho yangu, wakaacha mmoja mmoja. Nikapita katikati yao mpaka nikasimama mbele yake. Nikanyoosha mkono. Alikitoa. Kilikuwa kimefungwa vizuri kwenye leso niliyomshonea mwenyewe, na duara liko kwenye tundu lile lile nililolikaza kwa mkono wangu.

Aliniona nikinyunyiza unga sakafuni. Aliniona sili. Alinisikia nikitukanwa penye togwa. Kilikuwa mfukoni mwake muda wote, na alipanda juu ya lile paa kila siku na gamba tupu, kuliko kuniachia mimi.

Nikachukua kofia yake msumarini, nikakirudisha kiota kipini kwa kipini mbele ya watu wote, nikamvalisha. Nikapitisha vidole viwili. Safari hii hakuna aliyepiga mluzi. "Panda kazini," nikamwambia.

Tulirudi Kizwite kwa miguu jioni, yeye mbele, mimi nyuma. Tulipofika kwenye kona ya nyumba yetu akasema bila kugeuka, "Si mimi. Ni mama. Alinisisitizia sana nisikiache stoo."

"Mama yako ndiye anayepanda paa?"

Akaendelea na njia. Nilikuwa na uchungu, na mimi nikiwa na uchungu huwa nasema. "Nikuulize. Kila siku unakula mkono wangu. Ugali wangu, mboga yangu, maji yangu. Tumbo unaniachia, kichwa hapana? Mwenye kutaka kukudhuru angehangaika na jasho lako, sufuria anayo?"

Nilisema kwa hasira. Nilidhani nimemfunga kwa hoja, na kweli alifungika.

Kazini mambo yalitengemaa. Vipini vipya vililetwa, na vibarua wakawa wanatundika kofia zao nzima nzima, tena wakinitania, shemeji nakuachia kichwa, kesho nikikute. Mzee mwashi alirudi baada ya muda mrefu, shingo ngumu lakini mzima. Siku aliyorudi alinisogezea togwa yake akiwa ameshaionja. Nikamimina kikombe changu cha bati chini, nikanywea cha kwake. Kofia moja tu niliikataa stoo, tangu siku ile ile ya makoti. "Ya kwako nenda nayo nyumbani," nilimwambia mume wangu. "Sitaki mzigo."

Lakini nirudi kwenye ile jioni. Alinawa, akakaa, kofia akaiweka kando ya kigoda chake. Nikateremsha ugali wa ulezi na maharage, nikaweka katikati yetu. Mkono wake ukaenda mpaka ukingoni mwa sahani, ukasimama. Haukusimama sana. Mwingine asingeuona. Mimi niliuona.

Nikamega, nikachovya, nikala, nikameza huku namtazama. Ndipo na yeye akamega.

Alizeeka, kama nilivyotaka. Kichwa chake ni kizima, kina mvi nyeupe. Tuna wajukuu, na wanapenda kunicheka mezani, wanasema bibi ana uroho, chakula kikifika tu mkono wake ndio wa kwanza. Babu yao huwasikia. Huinamia sahani, na anangoja.